Mtumba wa Mjapani, Mpya wa Mchina

Ukienda kutafuta tairi Mwanjelwa, hapa Mbeya, kabla hata hujauliza bei utaambiwa kwamba bora mtumba wa Mjapani kuliko mpya wa Mchina. Anayekwambia hivyo ameweka kiganja juu ya tairi lenye jina kubwa, limepakwa dawa hadi linameta kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Atakubonyezea kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, kwa kidole gumba uone mpira ulivyo laini. Atakuonyesha kina chake. Atasema hii ni orijino, imekuja na gari kutoka kwao, siyo hizi za kwenye makontena. Na kwa vile mtumba mara nyingi ni nusu ya bei ya mpya, au chini ya hapo, watu wanalipa upesi na kuondoka wakijiona wajanja.

Mimi kwenye hili ni mbishi. Kwa miaka kadhaa nilishika daftari la tairi kwenye stoo ya kampuni moja ya malori pale Iyunga. Kila tairi lililotoka lilisainiwa mbele yangu, na lililorudi lilirudi kwangu: limeisha, limechanika, au limebaki vipande kwenye kiroba na dereva ana maelezo marefu. Kazi ile haikunifanya nimpende Mchina. Ilinifanya nione kwamba ubishi huu wa Mjapani na Mchina umekaa vibaya toka mwanzo, maana nchi lilikotengenezwa tairi ni habari ndogo kuliko zote zilizoandikwa ubavuni mwake. Na hata hiyo nchi wengi wanaikosea. Kampuni za Kijapani zina viwanda Thailand, Indonesia na China kwenyewe. Sisi wenyewe tulikuwa na kiwanda cha General Tyre Arusha, na wazee wa malori mpaka leo wanalitaja tairi la Arusha kwa heshima kubwa, japo kiwanda kilizima mitambo muda mrefu sasa.

Mvua zilipoanza, mama mdogo alinipigia simu nimsindikize kununua tairi. Ana Probox anayobebea ndizi na maparachichi kutoka Tukuyu kuja mjini. Viazi vikichangamka anaishia Isyonje. Barabara hiyo wa Mbeya mnaijua. Ukitoka Uyole unapanda Igawilo, unaingia kwenye ukungu, halafu unateremkia Rungwe, ambako mvua haisubiri msimu, na muda wote lori la Malawi linakupumulia mgongoni.

Kijana wa kibandani alimsalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka mbili za nyuma, na usinipe za kunizika."

Akacheka, akashusha pea moja kutoka juu kabisa ya rundo. Kashata zilikuwa ndefu kweli, zimekatwakatwa kwa mikato myembamba mingi, na mpira ukibonyea ukiuminya. Mama mdogo akazipenda palepale. "Ona, hizi bado mbichi," aliniambia, mkono tayari uko kwenye fundo la kanga.

Niliomba kitambaa nikafuta ile dawa ubavuni. Chini ya jina la kampuni kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: STUDLESS.

Hayo ni matairi ya theluji. Kule Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini mwa Japani, majira ya baridi yakiingia watu wanavua matairi ya kawaida na kuvaa haya. Mpira wake umechanganywa makusudi ubaki laini hata kwenye barafu, na ile mikato myembamba ni ya kung'ata theluji. Gari likipelekwa mnadani huko wakati wa baridi linauzwa na matairi yake, linapakiwa melini, linashuka Dar es Salaam, na baada ya muda matairi yanavuliwa na kupandishwa Mwanjelwa kwa jina la orijino. Ule ulaini muuzaji anaousifia ndio ugonjwa wenyewe. Mpira laini kwenye lami ya moto unaliwa haraka, kashata ndefu zinacheza ukikata kona, na ukikanyaga breki kwenye lami yenye maji gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko ambavyo lingechukua kwenye tairi la kawaida. Dalili nyingine ni herufi Q baada ya namba za saizi, maana yake mwisho wa mwendo lililopimiwa ni kilomita 160 kwa saa. Matairi mengi ya theluji ya Japani yana Q. Mwendo wenyewe hautuhusu, hakuna anayefika 160 akiteremka Kiwira, au basi asifike. Lakini ukiiona Q kwenye tairi la gari dogo, anza kutafuta hilo neno lingine.

"Lakini mwanangu, Mbeya si kuna baridi?" mama mdogo aliuliza. Kijana akaunga mkono haraka: ndiyo maana haya yanafaa sana huku, mama, Dar yasingefaa.

Ni hoja nzuri kuliko inavyoonekana, kwa hiyo niijibu vizuri. Watengenezaji wanasema tairi la theluji linaanza kulishinda la kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 7 au hapo karibu. Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba inafika huko, lakini ni alfajiri. Saa nne asubuhi jua limeshapiga lami, na mama mdogo akishuka na mzigo wa kupeleka Kyela, yuko kwenye joto la ziwani tangu tairi lilipopita Ushirika. Tena mvua zetu nyingi zinanyesha miezi ya joto, siyo ya baridi. Hatuna siku hata moja ya mwaka ambayo lile tairi liko kwao.

Halafu nikaligeuza upande wa pili kutafuta tarehe.

Tarehe ya tairi kwa kawaida iko mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Ni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Utaratibu huu umetumika tangu 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na ukikuta tatu weka chini uondoke. Hili la kijana lilisomeka 4111. Wiki ya 41, mwaka 2011.

"Hiyo tarehe ni ya kiwandani tu, mkuu," kijana alisema. "Tairi haliozi."

Linaoza. Haliozi kwa kunuka, ndiyo tatizo. Mpira unaliwa na hewa ya oksijeni, jua na joto, na unaendelea kuliwa hata tairi likiwa limelala stoo. Yale mafuta na kemikali zinazoulainisha zinakwisha nguvu, mpira unakauka, na gundi inayoshika tabaka za nyuzi za chuma chini ya kashata inaachia taratibu. Nje huoni kitu, au unaona nyufa ndogo sana kwenye mikunjo ya ubavu, zile ambazo dawa ya kung'arisha inazifunika kwa ustadi. Siku tabaka zikiachana, kashata nzima inabanduka kwenye tairi, na kwa kawaida siku hiyo ni siku ya mwendo mkali, mzigo mzito na jua la mchana. Kampuni kubwa za tairi zinashauri kwamba likishatimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama kashata zinapendeza.

Kuna ajali moja ya Uingereza ambayo naikumbuka kila ninaposikia tairi linasifiwa kwa kina cha kashata. Septemba 2012, basi lililokuwa linawarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele huko Surrey, likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Tairi lilipochunguzwa lilikutwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Mmoja wa marehemu alikuwa kijana wa miaka 18, kwa hiyo tairi lilimzidi umri. Na kashata zake? Zilikuwa nzima, ndani ya sheria. Basi lile kwa macho ya mkaguzi halikuwa na kosa la tairi. Mama wa kijana yule alipiga kelele kwa miaka, na Februari 2021 ikaanza kutumika sheria inayokataza tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye mguu wa mbele wa malori na mabasi, na kwenye mabasi madogo yenye tairi mojamoja, magurudumu yote.

Nchi hiyo haikuwa imelala. Ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka, unaoitwa MOT, ulianza 1960 kwa magari yaliyofikisha miaka 10, na mwaka 1967 wakaushusha hadi magari ya miaka 3. Gari linapandishwa, breki zinapimwa kwenye rola, tairi linaangaliwa kama limevimba, limechanika hadi nyuzi, au kashata zimepungua chini ya milimita 1.6. Japani nao wana shaken: gari jipya linakaguliwa likifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na gharama zake ni moja ya sababu Wajapani wanaachia magari ambayo kwetu bado ni bibi harusi. Hao wote, pamoja na mashine zao, kipimo chao kikuu cha tairi kilikuwa kina cha kashata. Sababu ni kwamba kashata inapimika kwa sekunde chache, na ni kosa ambalo mwenye gari hawezi kubishana nalo.

Kwetu huku mambo yako barabarani zaidi kuliko kituoni. Kuna stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, kuna trafiki anayekusimamisha, kuna ukaguzi wa mabasi stendi kabla hayajaondoka alfajiri. Nimesimama na magari ya kampuni kwenye kaguzi nyingi. Taa washa, indiketa, honi, mtungi wa kuzimia moto uko wapi, pembetatu ziko wapi, piga breki, sawa. Kwenye tairi, mkaguzi anazunguka, anapiga teke moja, anainama kuangalia kama kuna kipara. Sijawahi kumwona anayesoma tarakimu nne. Sisemi ni uzembe. Mtu mmoja ana foleni ya magari mbele yake na jua kichwani. Nasema tu kwamba stika inakwambia gari lilikuwaje dakika ile kwa vitu vinavyoonekana, na watu wanaichukulia kama cheti cha afya cha mwaka mzima.

Kwa upande wa kashata, angalau wote tunaweza kuwa wakaguzi. Ndani ya mifereji mikubwa ya tairi kuna vijiti vya mpira vilivyolala kukatiza. Alama yake ipo begani mwa tairi, herufi TWI au kipembetatu. Kashata ikishuka hadi kulingana na kijiti, umebakiwa na milimita 1.6. Njia ya kijijini ni njiti ya kiberiti, ambayo unene wake ni milimita 2 hivi. Ilaze ndani ya mfereji. Ikichomoza juu, nenda dukani. Kwa njia ya Tukuyu mimi nisingesubiri hadi hapo. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi, na mfereji wenye kina kidogo unajaa maji mapema, tairi linaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari halikusikilizi tena. Wapimaji wengi wa Ulaya wanashauri milimita 3 iwe mwisho kwa barabara za mvua.

Na kuna wanaochonga. Unakuta tairi la gari dogo limeisha, fundi anachemsha kisu na kuchora mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Kwa malori yapo matairi yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo, na yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. Tairi la gari dogo halina mpira huo. Anachofanya fundi ni kukaribia nyuzi za chuma. Kwa hili sina maneno ya upole: ni uuaji.

Turudi kibandani. Pea ya theluji ilirudishwa juu, ikashushwa nyingine, ya kawaida, tarehe ya miaka minne nyuma, bei nzuri. Hapo mtu angeweza kunyamaza. Lakini tairi lilikuwa la gari dogo la kubeba watu, na Probox siyo hilo. Probox ya mizigo inatoka Japani na matairi yenye herufi LT, ubavu wake umeongezwa nguvu, na yanaruhusiwa kujazwa upepo mwingi kuliko ya kawaida. Ukivua hayo ukavisha ya gari dogo kwa sababu rimu inakubali, gari litatembea, litapendeza, hata litakuwa laini zaidi. Shida utaikuta siku umepakia.

Uwezo wa kubeba umeandikwa. Baada ya saizi, tuseme 195/65R15, kuna namba kama 91 ikifuatiwa na herufi. Ile 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni mpangilio wa nyuzi, 15 ni rimu kwa inchi. Mafundi wetu hayo wanayajua usingizini. Ile 91 ndiyo hakuna anayeigusa, nayo maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. 88 ni kilo 560. Sasa chukua Noah ya mchomoko, zile zinazobeba watu huku kila siku. Gari tupu ni kama tani moja na nusu. Pakia watu 12 wa kilo 65, umeongeza 780. Weka mikungu ya ndizi juu ya keria na ndoo za samaki wa Kyela nyuma, kilo 200 hazikosi. Umefika karibu kilo 2,480, na matairi manne ya 91 yote kwa pamoja mwisho wake ni 2,460, hapo ni kama yamejazwa upepo sawasawa na mzigo umegawanyika sawa. Haujagawanyika. Wamekaa nyuma.

Lori likitoka Tunduma linapimwa Mpemba, Makambako, Wenda na kuendelea, ekseli kwa ekseli, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayosimamisha uzito wa lori lote kwenye tani 56. Hiyo ni kulinda lami, na ni sahihi. Noah haipimwi na mtu, kwa kuwa haiharibu lami.

Upepo nao ni hadithi ndefu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema upepo wa mbele na wa nyuma, kwa Wajapani kimeandikwa kwa kilopaskali. Gawanya kwa 7 upate makadirio ya zile namba za kwa mjaza upepo: 220 ni kama 32. Gari la mizigo mara nyingi namba ya nyuma iko juu ya ile ya mbele. Lakini ukifika kwa mjaza upepo anakuuliza swali moja, "Thelathini na tano zote?", unaitikia, basi. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linalopasua tairi. Sehemu kubwa ya matairi niliyopokea kwenye viroba yalikufa hivyo. Kwenye miguu ya nyuma ya lori tairi ziko mbilimbili. La ndani likipata pancha dereva hajui, la nje linabeba mzigo wa wote wawili kwa kilomita kadhaa, halafu ndio unasikia mlio. Ndiyo maana utingo mzuri kila lori likisimama anazunguka na kipande cha chuma akigonga tairi moja moja. Lenye upepo linaitika kwa mlio mkavu unaorudisha chuma mkononi. Lisilo nalo linameza pigo. Nilikuwa na utingo mmoja ambaye angeweza kukwambia kwa mlio tu kwamba limepungua, na kipimo kikawekwa kikamuunga mkono.

Mtu akiniona napenda hesabu huwa ananiuliza kuhusu milima: upepo wa Mbeya na wa Kyela ni sawa? Kipimo kinalinganisha upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Kyela, mita kama 500. Ukishuka, kipimo peke yake kingepungua karibu 2. Lakini Kyela kuna joto, na joto linaongeza kama 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Kwa hiyo mambo hayo mawili yanakaribia kufutana, na hakuna haja ya kusimama Ipinda kupunguza upepo kama wanavyofanya wengine. Jaza asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kibandiko cha mlangoni, imetosha.

Miteremko ya Kitonga na Iwambi naitaja kwa kifupi, maana kule kinachoua zaidi ni breki. Ila breki na tairi ni majirani. Dereva anayeteremka Kitonga kwa kukanyaga breki badala ya kushika gia ndogo anachemsha ngoma za breki, moto unaingia kwenye rimu, na rimu ndiyo inayoshika mdomo wa tairi. Tairi zee linalobembelezwa kwenye tambarare ya Igurusi siku nzima linaweza lisimalize mteremko huo.

Sasa Mchina. Mama mdogo aliposikia bei ya mpya yenye LT alishika kiuno. "Na huyu Mchina wako umemjulia wapi?"

Kwenye ubavu wa tairi jipya tulilokuwa tunalitazama kulikuwa na kiduara chenye E na namba 4. Hiyo ina maana tairi limepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za matairi, na kibali kimetolewa Uholanzi; kila nchi inayotoa kibali ina namba yake, 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Kwenye kipimo hicho tairi linazungushwa kwenye ngoma ya chuma likiwa na mzigo, mwendo ukiongezwa hatua kwa hatua, na halitakiwi kubanduka kashata wala kupasuka. Ipo na kanuni nyingine ya kushika lami yenye maji, ambayo inaonyeshwa kwa herufi W karibu na namba ya kibali. Alama hizo ni kiwango cha chini. Hazisemi tairi ni zuri kuliko mengine. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kila mara kikishindanisha matairi, ya bei ya chini mengi yanachelewa kusimama kwenye maji ukilinganisha na ya majina makubwa. Kwa hiyo anayekwambia Mchina wa bei ndogo ni sawa na Michelin mpya anakudanganya, na mimi sitamsaidia.

Lakini Michelin mpya haikuwa kwenye ubishi wetu. Kibandani palikuwa na tairi jipya la bei ya chini lenye alama zake, tarehe ya miezi michache, na uwezo wa kubeba unaolingana na gari. Na palikuwa na jina kubwa lililozaliwa 2011 kwa ajili ya barafu. Anayeweka jina mbele hapo ananunua maandishi. Mtumba naweza kuununua pia, sina kiburi, nikiwa nimeona tarehe ya karibuni, ubavu usio na kiraka, ndani hakuna mpira uliosagika kwa kutembea bila upepo, na nimehakikisha hawaniwekei tyubu ndani ya tairi lisilotakiwa tyubu ili kuficha ugonjwa. Kwa masharti hayo muuzaji mwenyewe huwa anachoka.

Shirika la Viwango, TBS, lina kazi yake ya bidhaa zinazoingia nchini, na watu hupenda kulilaumu kwa kila kitu. Tairi linaweza kuingia likiwa halali kabisa chini ya gari lililokaguliwa, likiwa na miaka 9, na likaendelea kuuzwa na kuuzwa tena mikononi mwetu hadi miaka 16. Hakuna bandari inayoweza kuzuia hiyo. Inazuilika pale anapoinama mnunuzi, na pale anapoinama mkaguzi. Kama ningeruhusiwa kuongeza mstari mmoja tu kwenye fomu za kukagua Noah, Hiace na mabasi, ungekuwa huo: andika tarakimu nne za kila tairi, la spea likiwemo. Haihitaji mashine wala umeme.

Kinachokwamisha ni kitu cha kijinga. Kwenye matairi mengi, tarehe kamili imechapwa upande mmoja tu. Upande mwingine una mwanzo wa ule mstari wa DOT, mwisho wake hauna. Fundi akivalisha tairi upande wa tarehe ukatazama ndani, mkaguzi itabidi alale chini ya gari kuisoma, na hatalala. Wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri sana. Isipokuwa kwa matairi yaliyoandikwa OUTSIDE au yenye mshale wa mzunguko, hakuna sababu ya tarehe kukaa ndani.

Mama mdogo alilipa, kwa kulalamika, na kwa kupunguziwa kidogo baada ya kumwita kijana "mkwe wangu" mara nyingi. Fundi akavalisha, akafanya balansi, akafunga la kwanza nyuma kulia. Mama akaenda akachungulia ubavuni, akarudi.

"Tarehe iko wapi?"

"Imekaa ndani, mama. Haina shida."

"Geuza."

"Mama, nimeshafunga."

"Geuza, mwanangu. Miaka ninayoficha ni yangu mimi, siyo ya tairi."

Fundi aliigeuza, akadai elfu mbili ya usumbufu, na baada ya mabishano alipewa moja na mkungu mdogo wa ndizi.